Johana Kipkirui na Siku Stelingi Alipokufa

Kama redio yako iko jikoni na sufuria inachemka, wasikilizaji wapendwa, punguza moto kidogo halafu ongeza sauti. Chai itasubiri. Leo tunamkumbuka mtu ambaye wengi wenu mlimsikia sana lakini uso wake hamkuuona vizuri, maana kila alipozungumza taa zilikuwa zimezimwa. Jina lake ni Johana Kipkirui. Alifariki wiki mbili zilizopita nyumbani kwake karibu na Sotik, baada ya kusumbuliwa na kifua kwa muda mrefu. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja.

Narudia kwa ajili ya waliochelewa kufungua redio. Ni Johana Kipkirui, yule mtafsiri wa sinema. Ndiye huyo huyo.

Johana alizaliwa Kiptere, akasoma mpaka darasa la saba, akaenda kutafuta kazi kwenye shamba kubwa la chai. Huko alikaa miaka thelathini na miwili. Siku za kazi alikuwa karani wa mizani. Wachumaji walipanga foleni na vikapu vyao mgongoni, kikapu kikaning'inizwa, na Johana akaita jina na uzito kwa sauti ambayo hata mtu aliyekuwa bado katikati ya majani aliisikia. "Mongina, kumi na tisa! Kebaso, ishirini na moja!" Hakuwa mtu wa kukosea jina. Nimeongea na wachumaji wengi wiki hii, na wote wameniambia neno moja: Johana akikuita, ulijua umeitwa.

Kosa lake lilikuwa lingine. Alilelewa kwa Kikipsigis, na ulimi wake haukupatana na herufi fulani. Bunduki kwake ilikuwa puntuki. Bibi akawa pipi. Rafiki yake Mokaya, ambaye kwao ni upande wa Kisii, alimcheka kwa jambo hilo miaka ishirini mfululizo na hakuchoka. Johana naye hakukasirika hata siku moja. Alimwambia Mokaya kwamba puntuki inaua vilevile.

Huyu Mokaya mshikeni vizuri, maana tutarudi kwake. Ndiye aliyekuwa fundi wa jenereta na projekta. Jumapili moja kila baada ya wiki mbili, saa tisa mchana, kampuni ilionyesha sinema katika ukumbi wa wafanyakazi. Madirisha yalizibwa kwa magunia ili giza liingie. Mokaya alisimama nyuma na mashine yake. Johana alisimama mbele, kando ya kitambaa cheupe, na maikrofoni mkononi, akatafsiri.

Sasa hapa nataka tuelewane. Johana alitafsiri sinema za Kichina, na Kichina hakukijua. Alitafsiri za Kihindi, na Kihindi hakukijua. Alikuwa akitazama midomo ya watu, akatazama mikono yao, akasema kile alichoona kinafaa. Wazungu walipobusiana alisema wanaulizana habari za mahindi. Na cha kushangaza, hakuwahi kuitazama sinema kabla ya kuionyesha. Mokaya alimwomba mara nyingi waijaribu Jumamosi. Alikataa. Mkewe, Mama Tecla, ananieleza sababu aliyokuwa akitoa.

"Alisema, nikiujua mwisho, sauti yangu itawaambia. Watu wa mizani wananijua sana."

Basi kulikuwa na desturi moja, na desturi hiyo ndiyo kisa chetu cha leo. Kabla mkanda haujaanza, Johana alikuwa anatangaza stelingi. Nyinyi mliokuwa mkienda sinema mnajua: stelingi ndiye mwenye filamu, ndiye anayepiga wote, na stelingi hafi. Anaweza kupigwa risasi, anaweza kutupwa mtoni, lakini hafi. Hiyo ilikuwa sheria. Na Johana aliongeza yake: alimpa stelingi jina la mtu mmoja aliyeketi humo ukumbini. Ukipewa ustelingi Jumapili, Jumatatu ulikwenda shambani kifua mbele. Watu walimletea Johana maziwa ili wakumbukwe. Alikunywa maziwa, na jina alilotaka yeye ndilo alilotaja.

Mokaya mwenyewe alipewa mwaka wa themanini na tisa, akawa Mchina anayeruka juu ya mabati. Mkewe, Phelis Mongina, alicheka sana aliponisimulia. Alisema tangu siku hiyo mumewe anaitwa Stelingi mpaka sokoni, na ana tumbo hili hapa.

Mtu mmoja tu hakuwahi kupewa. Huyo ni Isaiah, mtoto wa kwanza wa Johana. Tangu akiwa mdogo aliketi benchi la mbele na kumwangalia baba yake kwa macho ya kuomba. Johana alimpita kila mara. Alisema huwezi kuwa karani ukaanza kumpimia mtoto wako. Isaiah akakua, akamaliza kidato cha nne, akafika miaka ishirini, na ustelingi hakuupata.

Wasikilizaji wapendwa, tufike mwaka wa tisini na mbili.

Sitaeleza sana, maana kuna watu wananisikiliza ambao mabati yao yaliungua mwaka huo, wa upande huu na wa upande ule. Mpakani, kati ya Wakipsigis na Wakisii, kulichafuka. Watu waliokuwa wakiuziana ng'ombe na ndizi wakaanza kuviziana. Katika shamba la chai hakuna aliyepigwa, lakini ukumbini mambo yalibadilika. Wakipsigis waliketi benchi za kushoto. Wakisii waliketi benchi za kulia. Katikati palibaki nafasi ya kupitisha ng'ombe. Hakuna aliyeamuru hivyo. Ilitokea tu, na Johana aliiona kila aliposhika maikrofoni, na ilimuuma.

Mwezi wa nne, siku ya Ijumaa, Mama Tecla alipanda kwenye ghala la mahindi kutafuta debe. Chini ya paa akakuta gunia limefungwa. Ndani mna mishale kumi na minne, mipya. Hakupiga kelele. Alimngoja mumewe atoke kwenye mizani, akampeleka, akamwonyesha.

Johana alimwita kijana wake wakaongea zizini. Isaiah hakukana. Hakuwa mtoto wa kujibu vibaya. Alieleza kwa heshima kwamba wangeondoka Jumanne asubuhi na vijana wengine kwenda kupigana mpakani, na kwamba kila boma limetoa mmoja. Kwao mmoja ni yeye. Johana aliongea mpaka koo likakauka. Alimtajia Mokaya, ambaye Isaiah alikula nyumbani kwake tangu utotoni. Isaiah aliinamisha kichwa, akasema hana ugomvi na Mzee Mokaya. Kisha akauliza.

"Baba, nikibaki, kesho utapita wapi?"

Ni kweli. Johana angepita wapi? Walikuwepo wazee waliokwisha kuitwa waoga mbele ya wake zao. Kwa hiyo aliondoka zizini bila kupata kitu. Alitaka jambo moja tu. Alitaka mtoto wake asiende Jumanne. Hilo tu, na hakujua alipate vipi.

Wiki hiyo hiyo, sista mmoja Mjerumani aliyekuwa akitibu watu katika zahanati ya misheni alileta filamu. Jina lake Sista Irmgard, ingawa wagonjwa walimwita Sista Imigadi na akazoea. Makopo manne ya mikanda. Alimwambia Johana kwamba ni filamu ya kwao, ya vita vya zamani, vita ambavyo babu yake alipigana, na kwamba ni nzuri sana. Imesemwa kwa Kijerumani mwanzo mpaka mwisho. Je, Johana anakijua Kijerumani? Johana akasema kidogo.

Hakukijua. Narudia: hakujua hata neno la kuombea maji.

Lakini Johana alifurahi. Filamu ya vita, vijana wote watakuja. Na hapo ndipo lilipomjia wazo, na Mama Tecla anasema alimwambia Jumamosi jioni akiwa anavua gambuti. Kesho atampa Isaiah ustelingi. Ataivunja sheria yake mwenyewe. Kijana atafurahi, moyo utalainika, na wakitoka ukumbini watatembea pamoja mpaka nyumbani, wawili tu, na ataongea naye tena. Mama Tecla alimuuliza kama ameitazama hiyo filamu. Akasema yeye haangalii filamu kabla.

Jumapili ilinyesha. Ukumbi ukajaa, kushoto na kulia. Mama Tecla alikaa nyuma na akina mama. Isaiah alikuwa benchi la mbele kushoto, na wenzake watano au sita wa Jumanne. Sista Imigadi alipewa kiti chake mwenyewe, karibu na mlango. Johana akashika maikrofoni, akakohoa kidogo kama kawaida yake, akatangaza.

"Stelingi wa leo ni Isaiah. Isaiah wa Johana."

Benchi za kushoto zikashangilia. Isaiah, kijana wa miaka ishirini aliyeficha mishale ghalani, aliona haya akafunika uso. Nilipoongea naye wiki jana aliniambia alifurahi kama mtoto. Alisema nisiliondoe neno hilo, basi sijaliondoa.

Mkanda ukaanza. Askari wengi wanatembea matopeni. Johana akamchagua mmoja mwenye masikio makubwa, anayepiga kinanda cha mdomo, akamwonyesha kwa fimbo: huyo ndiye Isaiah. Kicheko kikatoka hata benchi za kulia, maana masikio ya Isaiah mnayajua. Wakafika mahali pamechimbwa shimo refu. Johana hakuwa na neno la shimo la vita. Akaliita mtaro, kama mitaro tunayochimba kwenye chai kutoa maji. Basi watu wa mashamba wakaanza kuukagua. Mzee Kebaso, aliyekuwa nyapara wa kuchimba mitaro, alisema kwa sauti kwamba Wajerumani hawajui kazi, mtaro hauna mteremko, maji yatasimama. Na kweli, dakika kumi baadaye maji yakasimama na askari wamezama mpaka magotini. Ukumbi mzima ukampigia Kebaso makofi. Nawaambia hivi ili mjue walivyoanza. Walianza vizuri. Walikuwa wakicheka pamoja, jambo ambalo halikuwa limetokea humo kwa mwezi mzima.

Kisha wakaanza kuuliza adui yuko wapi. Filamu ile haikuonyesha adui. Ilionyesha mtaro, matope, panya, na watu wanaokaa. Mabomu yanaanguka, watu wanajikunja, yanaacha, wanakaa tena. Johana alijitahidi. Alisema adui anakuja, ngojeni kidogo. Alisema Isaiah anapanga ujanja. Isaiah hapangi chochote, anajikuna. Vijana wa mbele wakaanza kunung'unika kwamba hii vita gani, watu wanaishi kama fuko. Mama mmoja akasema angalau fuko ana viazi.

Mkanda wa tatu ulikuwa umefika katikati. Askari wana njaa. Yule mwenye masikio, Isaiah, akachukua debe akaenda kuchota supu. Johana akatafsiri vizuri sana: Isaiah anawaletea wenzake chakula, Isaiah ana roho nzuri. Akachota. Akarudi akipita mtaroni polepole asimwage. Bomu likaanguka. Moshi ulipoisha, debe limelala upande, supu inamwagika, na yeye amelala kando yake.

Watu walicheka. Msishangae. Walijua stelingi hafi. Walimngoja aamke.

Hakuamka. Askari mwingine alikuja, akamwangalia, akaokota debe, akalikung'uta tope, akaenda nalo. Filamu ikaendelea na watu wengine kana kwamba yeye hakuwa kitu.

Johana alinyamaza. Maikrofoni iko mdomoni na hakuna sauti inayotoka. Watu wakaanza kumwita, tafsiri, Johana, sema. Hakusema. Dakika moja. Dakika mbili. Mokaya, pale nyuma, alifikiri waya umekatika.

Ndipo mmoja wa vijana wa mbele akasimama, akageuka, akanyoosha kidole kule nyuma kwenye mashine. Akasema mkanda umerukwa. Akasema Mokaya ameruka mkanda makusudi ili amuue stelingi, kwa sababu stelingi ni Isaiah. Wengine wakasimama naye. Benchi za kulia nazo zikasimama. Wasikilizaji wapendwa, kumbukeni ni mwaka gani. Kumbukeni nafasi ile katikati. Phelis Mongina anasema alianza kumwangalia mumewe na kupima umbali wa kufika mlangoni.

Johana aliona yote hayo akiwa mbele. Alijua kuna njia moja tu ya kumwokoa rafiki yake. Ilibidi aseme kile alichokuwa ameshindwa kukisema. Aliinua maikrofoni, na sauti iliyotoka haikuwa ile ya sinema. Ilikuwa ile ya mizani.

"Mokaya hajaruka kitu. Isaiah amekufa."

Akarudia, maana alizoea kurudia jina na uzito mara mbili ili karani mwenzake aandike.

"Isaiah wa Johana. Amekufa. Alikuwa ameenda kuchota supu."

Mokaya hakuizima mashine. Aliniambia alitaka kuizima, mkono ukakataa. Vijana wakakaa, mmoja mmoja. Mama Tecla aliinuka kule nyuma kwa akina mama, akapita katikati, kwenye ile nafasi ambayo hakuna aliyekuwa akiikanyaga, mpaka benchi la mbele. Akaketi kando ya Isaiah akamshika mkono wa shati. Aliushika mpaka sinema ikaisha. Nilimuuliza Mama Tecla alikuwa akifikiri nini.

"Nilijua ni picha, sijapoteza akili. Lakini mwanangu ametangazwa amekufa na baba yake, na mimi niko hapo nasikia. Ningekaa tu?"

Johana hakutaja stelingi mwingine siku hiyo. Alieleza tu anachokiona, kwa maneno machache. Huyu ameanguka. Huyu anaita mtu. Karibu na mwisho, adui alionekana kwa mara ya kwanza. Alikuwa kijana mmoja ametokea mtaro wa ng'ambo, na hata bunduki hakuwa nayo, amebeba ndoo ya maji. Akapigwa risasi akaanguka. Kushoto hakuna aliyeshangilia. Ndipo Phelis Mongina akasema kutoka benchi za kulia, wala hakupaza sauti.

"Na huyo mpe jina, Johana. Ana kwao."

Johana alitazama nyuma kule kwenye mashine. Kulikuwa na giza, lakini alijua Mokaya amesimama wapi. Akasema, "Huyo ni Mokaya." Kisha akasema, "Amekufa." Phelis aliniambia alilia pale pale, tena alilia kwa sauti, na mwanamke wa kwanza kumshika bega alikuwa wa benchi za kushoto. Jina lake halijui mpaka leo.

Sasa, msinielewe vibaya. Hiyo sinema haikupendwa. Watu walitoka wamekasirika. Wengine walisema wamedanganywa, filamu gani haina mshindi. Mzee Kebaso alishikilia kwamba wangetengeneza mteremko wa maji wasingekufa. Kuna waliouliza Wajerumani walikuwa wakigombania nini, na hakuna aliyejua, akaulizwa Sista Imigadi, naye akafikiri sana akasema babu yake pia hakujua. Watu watatu walikwenda ofisini Jumatatu kushtaki kwamba Johana amemtabiria mtoto wake kifo na hafai kushika maikrofoni. Meneja aliwasikiliza akawaambia warudi kazini.

Wala sitawaambia kwamba sinema ilimaliza mapigano. Haikuyamaliza. Jumanne vijana waliondoka.

Jumapili ile Johana na Isaiah hawakutembea pamoja kurudi nyumbani kama alivyopanga. Johana alikawia akikunja waya, na aliona aibu. Jumatatu hawakuzungumza. Jumanne, jua likichomoza, wenzake Isaiah walifika kwenye ua wakapiga mluzi. Johana alikuwa nyuma ya nyumba, amesimama na kikombe cha chai asichokinywa, anasikiliza. Mluzi wa kwanza. Wa pili. Halafu akasikia maziwa yakipiga ndani ya ndoo. Isaiah alikuwa zizini anakamua. Hakutoka, hakujibu, alikamua ng'ombe wawili, na ng'ombe mmoja kati ya hao alikuwa amekauka tangu Krismasi.

Wale walioondoka, wawili hawakurudi. Na ng'ambo kule pia kuna akina mama waliongoja wasione mtu. Nalisema hili mara mbili: huku wawili hawakurudi, na ng'ambo pia kuna ambao hawakurudi.

Isaiah aliitwa mwoga. Aliitwa hivyo kwa miaka miwili mizima, kwenye soko la Sotik na kwenye njia ya kanisani. Johana alipita pale pale wanapomwita hivyo mwanawe, akasalimia, akaendelea. Na baba na mwana hawakuizungumzia siku hiyo tena. Miaka sita, hakuna neno. Johana alikufa bila kujua kwa nini mtoto wake alibaki zizini. Mama Tecla anasema aliwahi kujiuliza mbele yake, akiwa mgonjwa, kama ni kwa sababu ya mama kumshika shati. Hakumuuliza mwenyewe. Aliogopa akimuuliza ataharibu.

Sinema ya kampuni iliendelea mpaka tisini na tano, video ilipokuja madukani na ukumbi ukawa wa kuwekea mbolea. Johana alitafsiri mpaka mwisho. Lakini stelingi hakumtangaza tena. Watu walimwomba, wakamtania, wakamletea maziwa. Aliwajibu, angalieni wenyewe mtamjua.

Tulimzika Alhamisi iliyopita, kwenye ukingo wa chai yake. Nilikuwepo. Watu walikuwa wengi, na hakukuwa na kushoto wala kulia, ingawa mvua ndiyo iliyotubana chini ya turubai moja, nisidanganye. Mokaya alileta jenereta na vipaza sauti kutoka kwenye shamba. Ukafika wakati wa familia kuzungumza. Isaiah, ambaye sasa ana miaka ishirini na sita na mke na mtoto mchanga, alipewa maikrofoni. Akasimama nayo mdomoni. Hakuna sauti iliyotoka. Dakika moja ikapita, na ya pili. Pasta akaanza kuinuka amsaidie. Ndipo Mokaya akasema kutoka kule kwenye jenereta, polepole, kama anavyosema mtu na mtoto wake.

"Sema, Isaiah. Waya haujakatika."

Isaiah akasema, "Johana amekufa." Akarudia. "Johana Kipkirui. Amekufa." Wachumaji waliokuwa hapo walishtuka, maana ilikuwa sauti ile ile ya mizani.

Baada ya mazishi nilimfuata. Nilimuuliza kile ambacho baba yake hakumuuliza. Kwa nini hakwenda Jumanne ile? Nilidhani atanitajia mama yake, au Mzee Mokaya, au mafundisho ya ile filamu. Alifikiri. Akanijibu hivi, na nimeyaandika maneno yake nisiyaharibu.

"Vita sikuogopa. Na kufa, kijana haamini atakufa. Lakini nilikuwa nimeshasikia namna Baba atakavyoitangaza. Niliisikia ile sauti. Nikasema, hapana, huyu mzee hataisema mara ya pili."

Kwa Mama Tecla, kwa Isaiah na wadogo zake wanne, kwa Mzee Mokaya na Mama Phelis, poleni sana kutoka kwetu sote hapa studioni. Poleni pia nyinyi wachumaji aliowaita kwa majina miaka thelathini na miwili. Mungu ampumzishe.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, kutoka Mulot mpaka Kiptere, na ng'ambo ya mpaka pia, kabla hamjarudi kwenye chai yenu nawaomba kitu kidogo. Yupo mtoto wako, au wa ndugu yako, au kijana wa jirani ambaye siku hizi humsalimii vizuri. Taja jina lake kwa sauti, hapo hapo ulipo, kama anavyoitwa mtu kwenye mizani. Jina tu. Neno la pili, lile la ukumbini, usiliongeze.